Anwani ya Mvua

Baba alipima mvua ya Valdivia miaka thelathini na mmoja
kwa chupa ya siki iliyokatwa shingo, faneli ya bati,
na rula yangu ya shule aliyonipora nikiwa darasa la tatu.
Kila saa moja asubuhi, kofia ya sufu kichwani,
aliinama uani, akasoma, akaandika:
milimita kumi na mbili. Milimita arobaini.
Manyunyu tu, hayapimiki.

Aliniachia madaftari kumi na tisa
na nyumba inayovuja.
Nyumba nilijua la kuifanya.

Chuo kikuu walisema, kwa upole, kwamba wana vipimo vyao.
Kaka yangu Leopoldo alisema: choma.

Basi nilipotoka zamu ya usiku hospitalini
nilivua viatu, nikakaa jikoni, nikanakili.
Miezi saba.
Tarehe, namba, tarehe, namba;
hakuna picha inayocheza, hakuna kitufe,
hakuna mtambo unaokohoa nyuma ya pazia.
Tovuti tuli, alisema Yasna wa maabara,
ni kama ukuta wenye maandishi:
kila apitaye atasoma yale yale.
Nikamwambia, ndivyo alivyo baba sasa.

Akanionyesha mahali pa kuipangisha bure.
Bure? Niliuliza mara tatu.
Nimelelewa nikijua rahisi ghali,
nikatafuta mtego, maandishi madogo,
kisanduku cha kuingiza namba ya kadi.
Hakikuwepo. Mafaili yakapanda moja moja
kama wagonjwa wanaoitwa kwa namba,
yakapewa anwani ndefu yenye jina la mwenye nyumba,
anwani ya mpangaji wa chumba cha uani.

Hapo kiburi cha baba kikaamka ndani yangu.
Yeye aliyetia sahihi kwa jina zima, hata risiti ya mkate,
akae kwa jina la watu?
Nikatafuta domeni. *Lluvia* ilishachukuliwa
na duka la miavuli.
Nikajaribu lake: Eleuterio Huenchumán, herufi zote.
Lilikuwa huru. Nani mwingine angelitaka?
Nikacheka, kisha sikucheka.
Nikalilipia mwaka mmoja,
bei ya gunia la kuni.

Zikabaki namba nne za kulielekeza jina nyumbani.
Nilizisoma kwa sauti, mara mbili,
kama tunavyosoma dozi za watoto wachanga,
na bado nikakosea tarakimu moja.
Saa sita nzima jina la baba likaelekea pasipo na mtu.
Nikasahihisha. Nikaambiwa nisubiri, pengine siku mbili:
habari ya jina hutembea, seva kwa seva,
kama habari ya msiba kabla ya simu.

Saa tisa usiku, kitanda cha kumi na nne kimetulia,
niliifungua ndani ya chumba cha mashuka.
Jina lake. Kando yake kufuli dogo, limefungwa.
Nikashuka kwa kidole hadi mwaka wangu.

*Juni 17: milimita sitini na moja.*
*Juni 18: sikupima. Mtoto.*
*Juni 19: themanini na nane, labda ni za siku mbili.*

Mkono wangu ndio ulionakili mistari hiyo, 
macho yakiwa na usingizi,
na sikuwa nimeiona.

Yasna aliuliza kama nataka kuziba pengo, kukadiria tu.
Nikasema liache.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga, ndoo ya sebuleni imejaa.
Kwenye mlango wa jokofu nimeandika: *Agosti, lipia jina.*
Chupa ya siki ipo bado uani, pale pale,
inafurika tangu tulipomzika.
Nikaimwaga, nikaifuta kwa aproni.
Kisha nikafungua daftari la ishirini,
nikaandika tarehe,
nikaandika sifuri.